Kangaga Lenye Shina, na Njia ya Kulipata kwa Halali

Miongoni mwa mimea aliyoiotesha Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika milima ya nchi zetu, uko mmoja ambao mtu wa pwani akiuona kwa mara ya kwanza hudhani ni mnazi uliopotea njia ukapanda mlimani. Una shina lililosimama wima lisilo na tawi hata moja, na juu ya shina majani yametandazwa pande zote kama mwavuli. Kila jani limechanika vipande vidogo vidogo visivyohesabika, mfano wa nakshi ya kofia iliyoshonwa kwa mkono. Lakini si mnazi, wala si mtende, wala hauna udugu nayo. Ni kangaga. Ni katika ukoo ule ule wa makangaga madogo yaotayo kwenye kuta za visima na mawe yenye umande, illa hili limepewa shina, na shina hilo huweza kupita urefu wa mita 5.

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wasomaji wetu, khasa wale wakaao nchi za baridi kama Lushoto, Marangu, Limuru na Kericho, juu ya namna ya kulipanda kangaga hili na kulitunza nyumbani. Na twapenda kuzungumza pia juu ya swali ambalo baadhi ya wauzaji wa miche hawapendi kuulizwa, nalo ni: limetoka wapi?

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipohamia nyumba yetu ya sasa katika milima ya Usambara, tulikuta nyuma ya jiko pana kona yenye kivuli, ambapo maji ya paa hushukia, na ambapo hata mchicha ulikataa kuota. Siku moja tukirudi sokoni tulimkuta kijana kando ya barabara amesimamisha mashina matatu ya kangaga, kila moja kimo cha mtu. Yalikuwa yamekatwa majani yote isipokuwa mawili matatu, na chini yamefungwa kwa gunia. Bei yake haikufika bei ya kuku wawili. Tulifurahi, tukalipa, tukabeba. Hatukuuliza neno. Watoto wakachimba shimo na kulijaza debe zima la samadi ya kuku, kwa kudhani kwamba wanamkirimu mgeni.

Kwa muda wa wiki sita lilitutia matumaini. Lilitoa jani moja changa, likafunguka nusu, likasimama hapo. Kisha kilele kikageuka cheusi, na tulipokigusa kilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Mwezi wa nane tukalikata liwe kuni, na hata kuni halikufaa. Binti yetu mdogo, ambaye alikuwa akilimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, akauliza: "Baba, na pale lilipong'olewa pamebaki nini?"

Hatukuwa na jawabu. Siku ya pili yake tukaenda naye mpaka ukingoni mwa msitu, na mzee mmoja wa kijiji kile akatuonyesha bonde dogo lenye kijito. Tulihesabu mashimo 11. Mengine yalikuwa yamekwisha kuliwa na mvua, na kingo za kijito zimeporomoka mahali pale ambapo mizizi ilikuwa imezishika. Maji ambayo mzee yule alituambia kuwa alipokuwa mtoto uliweza kuona changarawe chini yake, siku hiyo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Haya tunayoyaandika tulijifunza baada ya siku ile, wala hatuoni haya kuyasema, maana huenda yakamzuia mwingine asitende tulivyotenda.

Mmea huu ni mmea gani

Kangaga halina ua, halina tunda, wala halina mbegu. Ukoo wake ulikuwako duniani kabla ya ua la kwanza kuchanua. Wachunguzi wa miamba wamekuta sura za majani ya makangaga katika matabaka yaliyofanyika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Waarabu huliita sarakhs. Mahali pa mbegu, lenyewe hutoa vumbi jembamba mno liitwalo spora. Ukiligeuza jani lililokomaa utaona upande wa chini vidoto vya rangi ya kahawia vimejipanga kwa taratibu kando ya mishipa ya jani. Hivyo si ugonjwa wala si mayai ya wadudu, kama wengi wadhaniavyo hata wakavipiga dawa. Humo ndimo zilimo spora.

Shina lake nalo si mti. Ukilikata utakuta katikati kiini cha nyama laini kilichozungukwa na mikanda migumu, na nje yake, khasa upande wa chini, mizizi maelfu kwa maelfu iliyosukana kama kamba za makumbi. Basi mtu huona shina nene akadhani ni mbao, kumbe sehemu kubwa ya unene ule ni mizizi iliyo hewani, nayo yataka unyevu kama mizizi yoyote mingine.

Tena lina kilele kimoja. Hapo ndipo linapofanana na mnazi, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: mnazi ukiharibiwa kilele hufa, hata kama shina zima halina dosari. Majani yote ya kangaga hutoka katika kilele hicho, nayo huzaliwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga, yakafunguka polepole kwa siku nyingi. Kilele kikikauka, au kikioza kwa kutiwa samadi kali au maji machafu, aghalabu kazi imekwisha.

Aina iliyo mashuhuri katika milima yetu wataalamu huiita Alsophila manniana, na katika vitabu vya zamani utaikuta kwa jina la Cyathea manniana. Jina hilo la pili limetokana na Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika ya Magharibi karibu na mwaka 1860, maana aina hii haiko kwetu tu, bali huonekana tangu milima ya huko mpaka Usambara, Uluguru, Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hupenda kukaa kandokando ya vijito, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mahali ambapo ukungu hupita kila siku. Vikonyo vya majani yake vina miiba, na mwenye kulikumbatia shina bila ya kutazama hulijua jambo hilo upesi.

Ziko na aina za kigeni katika bustani za watu. Mbili zijulikanazo sana zimetoka Australia. Moja ni Dicksonia antarctica, ambayo asili yake ni kusini mashariki ya nchi hiyo pamoja na kisiwa cha Tasmania. Ya pili ni ile ambayo wenye bustani huiita Cyathea cooperi, ambayo hukua haraka kuliko nyingi. Hii ya pili twamtahadharisha nayo mtu anayekaa karibu na msitu. Ilipelekwa Hawaii kwa ajili ya mapambo ya bustani, vumbi lake likachukuliwa na upepo mpaka misituni, na leo inawasonga makangaga wenyeji wa visiwa vile. Mgeni wa namna hiyo si wa kumkaribisha kwenye mlango wa Usambara.

Tofauti nyingine kati ya aina hizi ndiyo iliyotupata sisi. Dicksonia huweza kukatwa shina, likasafirishwa halina mizizi ya chini, likapandwa na likaishi. Kwa ajili hiyo watu wengi wamesoma au wamesikia kwamba "kangaga hukatwa na kupandwa" wakadhani ni makangaga yote. Jamaa za Alsophila aghalabu hazikubali. Yule kijana wa barabarani alikuwa akiuza maiti ambazo hazijajua kwamba zimekufa.

Halali yake na haramu yake

Kwanza na tuhesabu. Dicksonia ya Tasmania hurefuka kiasi cha sentimita 5 kwa mwaka, au pungufu. Basi shina la mita 2 ni umri wa miaka 40 au zaidi. Aina nyingine huenda mbio kuliko hiyo, lakini hata katika hizo shina la kimo cha mtu si kazi ya miaka miwili wala mitatu. Na juu ya shina moja porini huishi mimea mingine midogo, kuvu na makangaga membamba kama karatasi ambayo hayapendi kukaa penginepo. Mwenye kung'oa shina moja ameng'oa mji mzima.

Tasmania wameliona jambo hili. Huko kila shina linalotolewa msituni kwa kuuzwa hutakiwa lifungwe kibandiko cha serikali, na lisilo na kibandiko ni mali ya wizi. Katika nchi zetu sheria hazikunyamaza. Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016, na zote mbili zinakataza kutoa mazao ya msitu wa hifadhi pasipo kibali. Kadhalika uko mkataba wa mataifa uliofanywa Washington mwaka 1973, uitwao CITES, ambao umeyaweka makangaga ya jamaa ya Cyathea na Alsophila katika orodha yake ya pili. Hayavushwi mpaka wa nchi bila ya karatasi za idhini.

Walakini sisi hatuandiki kwa ajili ya askari wa misitu peke yake. Muislamu ana swali la kujiuliza kabla ya kufikiwa na askari. Kitu kilichochukuliwa pasipo haki hakiwi halali kwa kupita mkononi mwa mchuuzi, na mnunuzi aliyejua, au aliyefumba macho asijue, ameshiriki. Sisi tulifumba macho. Twasema hivyo bila ya kujitafutia udhuru.

Tena jambo la kuhifadhi mahali kwa manufaa ya wote si jambo tulilofunzwa na wageni. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliiweka Naqii, karibu na Madina, kuwa hima, yaani ardhi iliyolindwa isiwe ya mtu mmoja kujichukulia apendavyo. Na Sayyidna Umar (R.A.) akaweka hima nyingine baada yake. Madina yenyewe iliharimishwa miti yake kukatwa. Mwenye kuujua mwendo huo hataona ajabu kwamba bonde lenye kijito cha kunywesha vijiji vitatu lilindwe na sheria.

Wako watakaotuuliza: je, thawabu ya mwenye kupanda, ambayo hadithi yake ni mashuhuri, kwamba kila akilacho humo ndege au mtu au mnyama ni sadaka kwa aliyepanda, yaingia katika mmea usio na tunda? Sisi si watu wa kutoa fatwa, na swali hilo twawaachia mashekhe wetu. Tulionalo kwa macho ni kwamba vyura na vinyonga wamehamia katika kona ile iliyokuwa tupu, na chozi huja kuchukua sufi ya kangaga akajengea kiota.

Kuotesha kwa vumbi

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia pupa wa nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga kwa kutaka kumwona nondo akitoka. Bwana huyu alikuwa amehangaika sana kupanda makangaga bustanini mwake, yakafa yote kwa moshi wa makaa wa mji ule. Akaona ndani ya chupa, pasipo kupanda chochote, kangaga dogo limeota pamoja na unyasi. Hapo akafahamu kwamba mmea hautaki mengi: unyevu usiotoka, mwanga, na hewa isiyo na masizi. Akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 masanduku hayo yakabeba mimea hai baharini kutoka Uingereza mpaka Sydney. Katika karne ile masanduku ya namna hiyo yalivusha miche ya chai na mpira kutoka bara mpaka bara.

Chupa ya daktari yule ndiyo njia tunayowashauri wasomaji wetu, na kila nyumba inayo. Gudulia la kioo la achari lafaa, na bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachopitisha mwanga lafaa zaidi kwa kuwa mkono waingia.

Mtafute mtu mwenye kangaga lililokomaa bustanini mwake, umwombe kipande cha jani cha urefu wa kiganja. Hapungukiwi na kitu. Chagua penye vidoto vilivyokoza rangi lakini ambavyo havijamwaga vyote. Kitie kipande hicho ndani ya bahasha nyeupe, uiweke mahali pakavu pasipo upepo kwa siku 2 au 3. Ukifungua utakuta vumbi kama unga wa bizari. Mtoto atasema ni uchafu, nawe umwambie kwamba katika uchafu huo yamo makangaga mengi kuliko watu wa wilaya nzima.

Udongo uwe mboji iliyochungwa, ichanganywe na makumbi ya nazi yaliyosagwa, nusu kwa nusu. Hapa ndugu zetu wa Tanga na Mombasa wana la kuwauzia watu wa mlimani, ila na wauze kwa uaminifu: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba yamekunywa chumvi, na chumvi huua kangaga changa kwa siku chache. Yatakiwa makumbi ambayo hayakuonja bahari, nayo yaoshwe kwa maji baridi ya kisima mara tatu au nne. (Makumbi hayo hayo yawafaa pia wenye kupanda okidi, ambao kwa miaka mingi wametumia vipande vya mashina ya kangaga kuzipandia, na kwa hiyo wamekuwa wanunuzi wakubwa wa wizi ule.)

Mimina maji yanayochemka juu ya udongo ule mpaka uloe wote, ufunike, uache upoe usiku kucha. Hayo ni kwa sababu ya mbegu za magugu na kuvu, ambavyo huota upesi kuliko kangaga na kuliua. Asubuhi nyunyiza vumbi kwa kuigonga bahasha kidogo kidogo. Usilifukie, maana spora hutaka mwanga. Funika tena, uweke gudulia dirishani mahali penye mwanga ambapo jua halipigi. Kisha usubiri, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Baada ya wiki tatu mpaka nane utaona juu ya udongo rangi ya kijani kama ukungu. Nyumbani kwetu mama watoto alidhani gudulia limeota uozo, na lau binti yetu asingepiga kelele lingemwagwa. Ukungu huo hukua ukawa vijani vidogo vyenye umbo la moyo, kila kimoja kama ukucha wa mtoto. Hivyo si makangaga bado. Katika kila kimoja hufanyika sehemu za kiume na za kike, na cha kiume hakina upepo wala nyuki wa kukichukua, bali huogelea chenyewe katika tone la maji mpaka kikakifikia cha kike. Pasipo maji hapana uzazi. Kwa hiyo wakati huo nyunyiza maji yaliyochemshwa yakapoa, mara moja kwa wiki, mpaka uone yanang'aa juu ya vijani vile. Sisi tulipoyasoma haya mara ya kwanza tulikiacha kitabu kwa muda, tukasema Subhana-llah.

Katika mwezi wa sita, au baadaye, kutoka chini ya kila moyo hutoka jani moja dogo lililojikunja. Hilo ndilo kangaga. Yakifika urefu wa kidole yahamishe kwa mafungu, usiyatenge moja moja, na ulifungue gudulia polepole kwa muda wa wiki mbili ili yazoee hewa ya nje. Mwaka wa pili yatakaa katika kopo chini ya kivuli. Mwaka wa tatu, masika yanapoanza, yatakuwa tayari kuwekwa bustanini.

Kulitunza

Mahali pazuri ni pale penye kivuli cha miti mirefu au cha ukuta, pasipo upepo. Upepo mkavu ni adui mkubwa kuliko jua, maana majani yake ni mapana na hutoa maji mengi. Udongo uwe mwepesi, wenye majani yaliyooza, unaoshika unyevu lakini hautuamishi maji. Shimo lisiwe refu. Usifukie kilele, na usikandamize.

Samadi mbichi usiitie abadan. Mbolea za madukani nazo, ukipenda kuzitumia, uzimue mpaka ziwe robo ya kipimo kilichoandikwa. Lakini majani makavu yaliyorundikwa chini yake kila msimu yatosha, tena ni bure. Majani ya kangaga lenyewe yakikauka na kuning'inia usifanye haraka kuyakata, kwa sababu hulivika shina na kulihifadhi unyevu. Ukitaka kuyakata vaa nguo ya mikono mirefu na ufunike macho, khasa kwa ile aina ya cooperi, maana manyoya yaliyo kwenye vikonyo vyake huwasha ngozi na huumiza macho. Watoto wadogo wasipewe kazi hiyo.

Ama maji, wakati wa kiangazi lataka kila siku, mapema asubuhi. Yamiminwe juu ya shina yateremke, kwa sababu ya ile mizizi tuliyoieleza. Hapa wengi hutuambia: maji ya kunywa yenyewe ni taabu, tutapata wapi ya kumwagilia mapambo? Neno lao ni la haki. Lakini tazama wudhu. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitawadha mara tano, hufanya wudhu 30 kwa siku, na hata tukikisia lita moja tu kwa kila wudhu ni lita 30 zinazokwenda shimoni. Katika madhehebu ya Imamu Shafii maji yaliyotumika kwa wudhu wa faradhi hayatawadhiwi tena, lakini ni tohara, hayana najisi. Basi yakingwe katika beseni na yapelekwe kwenye mmea. Yale yaliyoingia sabuni yawekwe mbali.

Na tukiwa katika habari hiyo tutaje jambo linalotusumbua. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojazwa pamoja, maji yasiyofika lita. Siku ya kwanza tulipoweka beseni chini ya bomba letu, mmoja wetu, ambaye si mtoto, aliijaza lita 7 kwa wudhu mmoja. Beseni lile limetufunza kuliko hotuba.

Wasomaji wetu wa Unguja, Lamu, Dar es Salaam na Mombasa watasema tumewasahau. Kwa hakika kangaga lenye shina halilipendi joto la pwani, na anayelilazimisha hulitesa. Kwao twapendekeza makangaga mafupi ambayo hustahimili joto, kama lile liitwalo Nephrolepis, ambalo aina zake huota hata katika misitu ya pwani, au lile la majani mapana yasiyochanika, Asplenium nidus, ambalo hukaa kama kiota juu ya mti. Yote mawili hukubali kukaa barazani katika chungu cha udongo. Na wakitaka kuliona kangaga lenye shina mahali pake, watoto wao wakiwa likizo, waende Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha chuo cha mimea mwaka 1902, na ambako msitu wake ni hifadhi ya mazingira tangu mwaka 1997. Njia za kupita kwa miguu zipo, na makangaga yako kandokando ya vijito. Waende kwa macho matupu, wasiende na panga.

Katika gudulia la binti yetu yaliokoka makangaga tisa. Moja lipo katika ile kona nyuma ya jiko, na shina lake bado halijafika kimo cha birika, ingawa majani yake yamekwisha kuupita ukuta wa beseni na yanamgusa usoni mwenye kwenda kutawadha. Manne tuliwagawia majirani. Manne mengine, baada ya kuomba na kupata idhini ya Bwana Misitu, binti yetu aliyapeleka mwenyewe katika bonde lile la mashimo 11, akayapanda ukingoni mwa kijito, yule mzee akimshikia jembe. Tulipokwenda mara ya mwisho, mwanzo wa masika, moja lilikuwa limeliwa na konokono. Matatu yalikuwa hai, na lile la juu kabisa lilikuwa na jani changa lililojikunja, limefunikwa sufi ya rangi ya kahawia.